Waulize Mafundi: Pikipiki ya Zamani, Kamili Kwanza, Kuwaka Baadaye

Safari hii maswali mengi yaliyotufikia yanahusu pikipiki ndogo za zamani, zile za cc 50 hadi 125 zilizotoka kiwandani kati ya miaka ya 1960 na 1980. Tumejibu yale yanayogusa watu wengi.

SWALI: Salaam mafundi. Nina akiba ndogo, nataka pikipiki ya zamani nijifunzie ufundi huku nikiifufua. Nimepata mbili, bei zinakaribiana. Ya kwanza inawaka, ila haina mifuniko ya pembeni, tangi si lake na nyaya zimekatwakatwa. Ya pili ina kila kitu lakini imelala zaidi ya miaka kumi na injini imeshika, haizunguki. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua iliyolala, mradi karatasi zake ziwe safi. Najua wengi watakushauri kinyume, kwa kuwa sauti ya injini inayowaka humlewesha mnunuzi. Lakini piga hesabu ya vipuri. Pistoni, ringi, gasketi, beringi, valvu na klachi za injini hizi ndogo bado zinatengenezwa, kwa sababu injini zenyewe hazikufa. Honda ilianza ukoo wa Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 ilikuwa imetoa zaidi ya milioni 100. Injini ya CG125 ya Honda nayo imeigwa na viwanda vingi hadi leo: ukiona 156FMI kwenye injini ya kunakili, 1 ni silinda moja na 56 ni upana wa silinda kwa milimita. Kinachokosekana sokoni ni kile ambacho muuzaji anakiita kitu kidogo: mfuniko wa pembeni, kikombe cha taa, bawaba ya kiti, kitasa cha kufungia sanduku la betri. Utakitafuta miezi mingi, na ukikipata bei yake inashinda ya pistoni.

Kabla ya kulipa, anza na namba. Namba ya fremu na ya injini zifanane na zilizo kwenye kadi ya usajili, herufi kwa herufi. Kwangua uchafu usome namba yenyewe, usikubali kusomewa. Namba iliyosagwa au kugongwa upya, herufi zikiwa zimepanda na kushuka, achana nayo hata kama ni ya bure.

Halafu fremu. Fremu za Cub na ndugu zake ni za bati lililokandamizwa, siyo bomba, hivyo zinaoza kutoka ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi chini ya sanduku la betri, pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa, na kwenye vishikio vya shokapu. Bati zima linalia. Lililooza lina sauti ya kufa, na mara nyingine bisibisi inapenya. Tundu la kutu kwenye mfuniko wa cheni si neno, lakini kwenye kishikio cha shokapu ni kazi ya mchomeleaji anayejua kunyoosha, na hapo bei lazima ishuke sana. Simama nyuma ya pikipiki, funga jicho moja, uangalie kama magurudumu yote mawili yako kwenye mstari mmoja.

Kwenye injini iliyokwama usipige kiki kwa nguvu; utavunja meno ya kiki na hutajua chochote cha maana. Fungua plagi utazame nyuzi za tundu lake. Tazama bolti za eksozi zinapoingia kwenye silinda hedi, maana iliyokatikia ndani ni kazi ya kutoboa. Legeza nati ya oili chini: oili nyeupe kama maziwa ina maana maji yaliingia, na ikimwagika pamoja na vipande vinavyong'aa, hesabu kushusha injini nzima.

Muuzaji akikwambia tairi ni nzima kwa sababu zina kashata, soma ubavuni alama ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2308 ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000. Tairi ya umri huo ni ngumu kama ubao, na kwenye lami yenye maji haishiki. Kwa hiyo kabla hamjapeana mikono, toa kwenye bei tairi mbili na tyubu zake, nyaya zote za breki na klachi, betri, viatu vya breki, cheni na sproketi zake, na mpira wa petroli. Vitu hivyo utavinunua tu, pikipiki iwe inawaka au haiwaki.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nimenunua Honda C70, ya ukoo wa Cub, injini imekwama. Nimeambiwa nimwage dizeli kwenye tundu la plagi kisha niisukume kwa gia mpaka iachie. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Nusu ni sawa. Kumwaga ni sawa, kusukuma kwa gia si sawa.

Pistoni nyingi hukwama kwa kutu ya ringi kwenye ukuta wa silinda. Ukivuta kwa nguvu, ringi inavunjika na kipande chake kinachimba ukuta. Fungua plagi, mimina dizeli au mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa oili ya gia otomatiki na asetoni, kiasi cha kujaza juu ya pistoni. Mchanganyiko huu unapenya kutu vizuri kuliko dizeli, lakini unashika moto upesi na unakula rangi, basi fanyia nje, mbali na moto. Acha siku tatu hadi saba, ukiongeza unapokauka. Kisha weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma na ulitikise mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikisogea hata milimita mbili, umeshinda: mimina tena, subiri, tikisa tena. Isiposogea baada ya wiki mbili, vua silinda hedi, uweke kipande cha mti laini juu ya pistoni na ugonge polepole.

Ikiachia, usiiwashe. Toa silinda kwanza, kwa sababu chembe za kutu zimejaa ndani na oili itazisambaza hadi kwenye beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Ringi ipime hivi: iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime pengo kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa ringi mpya za ukubwa huu pengo ni takribani milimita 0.15 hadi 0.35; likipita 0.5 haifai. Ukuta wenye mashimo ya kutu yanayokwaruza ukucha unahitaji kuchongwa. Nunua pistoni kwanza (saizi za kuongeza ni milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00), kisha mpelekee mchongaji pamoja na silinda ili achonge kuifuata pistoni hiyo. Ukichonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye, unaweza kukosa saizi na silinda imeshaliwa.

Wakati wa kurudisha, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa kabla ya kufunga klipu ya pini ya pistoni, maana ikidondokea ndani utapasua injini nzima kuitafuta. Klipu ziwe mpya. Alama ndogo kwenye ringi itazame juu, na mapengo ya ringi yasipangane mstari mmoja. Cheni ya kemu (shafti inayofungua valvu) ifunge kwa waya isitumbukie. Kwenye C50, C70 na C90, alama T ya flaiwili (gurudumu zito lililo mwishoni mwa krenki) ikae sawa na alama ya kasha, na wakati huohuo alama O ya sproketi ya kemu ikabili kijisehemu kilichochongwa kwenye hedi. Ikikosea jino moja, injini itawaka kwa shida na haitakuwa na nguvu, nawe utaanza kulaumu kabureta bure. Nafasi ya valvu ni milimita 0.05 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, alama T ikiwa sawa na roka zote mbili (vikono vinavyosukuma valvu) zikicheza. Roka moja ikiwa imekaza, zungusha flaiwili mzunguko mmoja zaidi.

Mimina oili kwa mkono juu ya kemu kabla ya kufunika. Plagi ikiwa nje na kofia yake ikigusa chuma cha injini, piga kiki mara 20 au 30 mpaka uone oili imefika juu. Ndipo uwashe.

SWALI: Injini yangu huwaka vizuri asubuhi, naendesha dakika kumi na tano inazima. Nikisubiri nusu saa inawaka tena. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, wa pili kabadilisha kabureta. Tatizo liko palepale.

JIBU: Ndugu, hao walikuwa wanakisia kwa pesa yako. Ugonjwa wa kufa ikipata moto una vyanzo vitatu vya kawaida, na unavitenganisha kando ya barabara, injini ikiwa bado imezima na ina moto.

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani na pikipiki ikawaka, basi kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba. Petroli ilikuwa haishuki. Kitoboe kwa sindano, kazi imekwisha.

Kama si hivyo, vua plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, upige kiki. Cheche ya bluu inayopasuka kwa sauti ni nzima. Cheche nyekundu iliyodhoofika, au kutokuwepo kabisa, ni kondensa au koili. Kondensa mbovu ina dalili yake: platini (viguso viwili vinavyokata umeme ili cheche itoke) zinachomeka haraka, zinaonyesha cheche kubwa zinapoachana, na uso mmoja unaota kijipele huku mwingine ukichimbika. Badilisha kondensa kwanza, ni rahisi kuliko koili. Pengo la platini liwe milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa wazi kabisa, kisha hakikisha zinaanza kuachana pale alama F ya flaiwili inapofika kwenye alama ya kasha. Ukipanua pengo, cheche inawahi, ukilipunguza, inachelewa. Kuvua flaiwili tumia kivutio chake, usigonge kwa nyundo. Sumaku zinapasuka. Na ukishaivua, tazama kile kifunguo cha nusu mwezi kwenye krenki. Kikiwa kimekatika nusu, hakuna kurekebisha kutakakosimama.

Cheche ikiwa nzima na petroli inashuka, rudi kwenye valvu. Valvu iliyobanwa kupita kiasi haifungi sawasawa chuma kikitanuka, kompresheni inapotea, na injini haishiki mpaka ipoe. Kuna mafundi wanaobana valvu ili kuua kelele ya tak-tak. Kelele kidogo ni afya; ukimya kamili ndio wa kuogopa.

SWALI: Tangi limejaa kutu ndani na kabureta inaziba kila wiki. Naomba njia ya kusafisha bila kupasua tangi.

JIBU: Anza na tangi, maana ukisafisha kabureta kabla ya tangi utairudia wiki ijayo. Vua koki ya petroli, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira na bolti. Osha mafuta ya zamani kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, kwa sababu asidi haifanyi kazi juu ya utando wa petroli iliyooza. Kama kutu ni nene, weka vipande vya cheni ya zamani na utikise, ukihesabu vilivyoingia ili uhesabu vinavyotoka. Kisha jaza siki nyeupe hadi mdomoni, au maji ya uvuguvugu yenye gramu 50 hadi 100 za asidi ya sitriki kwa kila lita. Siki iache siku moja hadi mbili. Sitriki ni ya haraka, chungulia kila baada ya saa chache. Usijaze nusu: mstari wa juu wa maji ndipo kutu mpya hushika.

Kosa la wengi liko mwishoni. Wanamwaga asidi, wanasuuza, wanaacha tangi juani, na baada ya saa moja limekuwa la rangi ya chungwa tena. Chuma kilichovuliwa kutu hakivumilii hewa yenye unyevu. Suuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda, vijiko vitatu kwa lita, kuua asidi. Suuza kwa maji safi. Kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa au kikausha nywele. Halafu mwaga kikombe cha petroli iliyochanganywa na oili na uzungushe ifike kila kona. Matundu yaliyojitokeza yasichomelewe na mtu asiyejua matangi. Tangi tupu la petroli lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Kwenye kabureta, vua bakuli, boya, sindano na jeti zote. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta, ndiyo inayoziba kwanza, kwa kuwa tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Itumbukize kwenye kisafisha kabureta usiku kucha, kisha itoboe kwa uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme. Waya wa chuma unapanua tundu na pikipiki italewa petroli milele. Boya litikise sikioni. Ukisikia petroli ndani limetoboka. Ukiwa umelikausha, lizamishe kwenye maji ya moto, nalo litatoa mapovu pale lilipotoboka. Skrubu ya hewa ifunge polepole hadi mwisho, uirudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.

Tazama pia uso wa kabureta unapogusana na injini. Zile zilizokazwa kupita kiasi kwa miaka huwa zimepinda katikati na kuvuta hewa pembeni. Injini ikiwaka, nyunyizia maji kidogo pale kwenye kiungo: muungurumo ukibadilika, hewa inapita. Tandika msasa wa maji juu ya kioo, uusugue uso huo mpaka uwe bapa, na uweke mpira mpya.

SWALI: Nina pikipiki ya volti 6. Taa ya nyuma ikiungua tu, ya mbele nayo inafuata. Je, nibadilishe iwe ya volti 12?

JIBU: Subiri kwanza. Pikipiki nyingi ndogo za zamani hazina kidhibiti cha umeme kwenye taa. Magineto inatoa umeme, na balbu zenyewe ndizo zinazoumeza wote. Balbu moja ikiungua, mgao wake unahamia kwa iliyobaki na kuipasua. Ndiyo maana wati za balbu lazima ziwe zilezile za kiwandani. Wanaoweka taa ndogo ya nyuma wakidhani wanaokoa umeme wanaua taa ya mbele. Betri iliyokufa nayo inaleta shida hiyohiyo kwenye upande wa chaji, kwa kuwa ndiyo inayotuliza volti.

Ama mwanga hafifu ambao watu huulaumu, mara nyingi ni kutu kwenye viungo. Balbu ya wati 15 kwa volti 6 inavuta ampea 2.5, mara mbili ya ile ya volti 12. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.4 tu kinameza volti nzima, moja ya sita ya ulizo nazo. Vuta waya wa ethi kutoka kikombe cha taa moja kwa moja hadi kwenye injini, sugua kila kiungo, kisha ndipo uamue.

SWALI: Ya kwangu ni stroki mbili, inatoa moshi mweupe mzito hata nikipunguza oili kwenye petroli. Na sanduku la gia linapungukiwa oili ingawa hakuna inayovuja chini.

JIBU: Umejijibu mwenyewe bila kujua. Oili ya gia inaliwa na injini. Sili ya krenki upande wa klachi imekauka, na kila pistoni inapopanda inavuta oili ya gia ndani na kuichoma. Badilisha sili zote mbili kwa mkupuo. Ile ya upande wa magineto ikichoka haitoi moshi. Inavuta hewa, injini inapanda mizunguko yenyewe na haishuki ukiachia mkono. Hali hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu petroli inakuwa chache na pistoni inayeyuka.

Na usipunguze oili kutibu moshi. Fuata uwiano wa kitabu cha pikipiki yako: 1:20 ni mililita 50 kwa lita ya petroli, 1:25 ni 40, na 1:50 ni 20. Kama ina pampu ya oili, mfano wa Autolube ambayo Yamaha ilianza kuitumia mwaka 1964, tangi la kwanza baada ya kulala muda mrefu changanya kwa mkono hata kama pampu inaonekana nzima. Mrija wake ukiwa na povu la hewa, silinda inakauka kabla hujamaliza mtaa.

SWALI: Naweza kutumia oili ya gari kwenye C90?

JIBU: Klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari za siku hizi zina viungo vya kupunguza msuguano, hivyo klachi inateleza. Tafuta ya pikipiki yenye alama JASO MA, 10W-30 au 10W-40. Injini hizi hazina filta ya karatasi, zina wavu na kikombe kinachozunguka kutenga uchafu, kwa hiyo baada ya kuifufua mwaga oili ya kwanza ikifika kilomita 100, ya pili kwenye 500, kisha kila 1,000 hadi 1,500.

SWALI: Nianze na rangi au breki? Mume wangu anasema rangi ili nipate moyo wa kuendelea.

JIBU: Breki, dada. Rangi iliyopigwa mapema itamwagikiwa petroli na kukwaruzwa na spana mara nyingi kabla hujamaliza. Ukifungua ngoma za breki usipulizie vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo, kwani viatu vya zamani huenda vina asibesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji na ukitupe kikiwa kimefungwa kwenye mfuko. Shika kiatu ujaribu kubandua kitambaa chake cha breki kwa kidole gumba. Gundi ya miaka arobaini inaachia ghafla, na kitambaa kikibanduka kinafunga gurudumu ukiwa mwendoni. Upana wa mwisho wa ngoma mara nyingi umeandikwa ndani yake pamoja na neno MAX. Upime kwa kalipa.

Siku ya rangi ikifika, bandika karatasi ya gundi juu ya namba ya fremu kabla ya msasa na kabla ya rangi ya unga. Mkaguzi asiyeweza kuisoma atairudisha pikipiki.